Alama za kikaratasi ni za nani?

Mwalimu, shikamoo.

Nafundisha Kiswahili Gredi ya 8 katika shule ya kutwa huku Kilifi. Darasa lina wanafunzi 54, madawati hayatoshi, na kipindi ni dakika 40. Muhula huu, tulipofika kwenye Kusikiliza na Kuzungumza, niliwapangia mdahalo. Hoja waliichagua wenyewe: "Mnazi una faida kuliko mkorosho." Nilifurahi, kwani hakuna mtoto humu asiye na la kusema kuhusu miti hiyo miwili.

Kila upande ulikuwa na wasemaji watatu na katibu mmoja. Nilimwomba mwenzangu wa Kiingereza, ambaye ndiye mlezi wa chama cha midahalo, aje tutoe alama pamoja. Tukakubaliana alama 10 za kuzungumza na 10 za ushirikiano.

Upande wa mnazi ulianza kwa kishindo. Madafu, tui, mbata, makuti, fagio, kumbi za kusokotea kamba, mpaka darasa likawa linahesabu nao kwa sauti. Kisha msemaji wao wa pili akamaliza hivi: "Mheshimiwa mwenyekiti, korosho ingekuwa na faida hiyo, kiwanda cha hapa Kilifi kingefungwa?" Upande wa pili ukainamisha vichwa. Katibu wao, msichana ambaye nikimwuliza swali hunijibu kwa kunong'ona, aliandika kitu kwenye kipande cha karatasi akakipitisha chini ya dawati. Msemaji wao wa tatu, kijana mwenye sauti na mbwembwe, alikuwa ameshaanza kuzungumza. Akakitupia jicho, akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Kiwanda kilifungwa na watu, mheshimiwa. Mkorosho haukufunga kitu. Mpaka leo unazaa." Kelele zilizofuata zilimleta naibu wa mwalimu mkuu mlangoni.

Sasa mzozo. Mwenzangu amempa kijana 10 kwa 10 ya kuzungumza. Mimi nimempa 6, kwa kuwa kabla ya kikaratasi alikuwa akizungukazunguka na kurudia yaliyokwisha kusemwa. Kwenye ushirikiano, mwenzangu ameupa upande mzima wa mkorosho 9, kila mtu sawa, akiwemo msemaji wa kwanza ambaye wakati wa maandalizi alikuwa akichora gari kwenye daftari. Mimi nataka kila mtoto apate chake, lakini nikiulizwa ushahidi sina zaidi ya kumbukumbu. Yule katibu, mwenzangu anasema hakusimama, kwa hiyo ni sifuri ya kuzungumza. Baada ya kipindi alinifuata nje akaniuliza: "Mwalimu, ile hoja ni yangu. Sasa alama ni za nani?"

Kuna na jambo jingine. Upande wa mnazi una mvulana mwenye kigugumizi, na mwingine ambaye Kigiriama humponyoka katikati ya sentensi, akasema "atu" badala ya "watu" mara kadhaa. Wote wawili mwenzangu amewakata alama za ufasaha. Mwalimu mkuu naye anataka alama hizi ziingie kwenye rekodi za tathmini kabla hatujafunga, na unajua tathmini za Gredi ya 7 na 8 zinabeba asilimia 20 ya matokeo ya mtoto anapomaliza Gredi ya 9. Hizi alama nizifanyeje? Na mdahalo ujao nitoe alama vipi?

Mwalimu wa Gredi ya 8, Kilifi

*

Marahaba, mwalimu.

Nianze na swali la huyo msichana, maana limebana kuliko la mwalimu mkuu. Hoja ni yake. Kuifikisha kwa watu ilikuwa kazi ya yule kijana. Hizo ni kazi mbili, na shida yenu ni kwamba mliweka safu mbili tu kwenye karatasi, "kuzungumza" na "ushirikiano", kisha kila mmoja akatumbukiza humo alichokipenda.

Tazama msichana alifanya nini. Alisikiliza hoja ya mpinzani mpaka akaona pale inapovuja: kwamba kiwanda na mti ni vitu viwili. Akalipata jibu wakati wenzake wameinamisha vichwa, akalifupisha likatosha kwenye kipande cha karatasi, na akalifikisha kwa mtu aliyekuwa na nafasi ya kulitumia, tena kabla dakika zake hazijaisha. Kama huo si ushirikiano, basi sijui ushirikiano mnaoutafuta ni upi. Yeye peke yake, katika upande ule, ndiye ninayemwona akistahili kiwango cha juu kabisa. Na katika mada inayoanza na neno kusikiliza, ndiye aliyesikiliza kuliko wote.

Kijana naye usimpunje. Kusoma kitu ukiwa katikati ya hotuba, ukanyamaza, ukaacha ulichokuwa umepanga na kuligeuza andishi la mwenzako kuwa maneno yanayoingia masikioni, hilo si jambo dogo. Nimewaona wasemaji wengi wakipewa kikaratasi wakakitia mfukoni kwa kiburi. Kwa hiyo kupokea kwake pia ni ushirikiano, mwandikie. Lakini kabla hujaamua kuhusu kuzungumza kwake, kitafute kile kikaratasi. Kama hakijafagiliwa, kibandike kwenye daftari lako la kumbukumbu. Huenda msichana aliandika maneno matatu tu na "mpaka leo unazaa" ni ya kijana mwenyewe. Huenda aliandika yote na kijana akasoma. Alama zake zinategemea hapo, na hakuna haja ya kubahatisha wakati karatasi ipo.

Ile 10 ya mwenzako na ile 6 yako zote ni za kweli. Yeye ameipa alama dakika ya mwisho, wewe umezipa alama zile za mwanzo. Msipotenganisha mnachokitazama mtabishana mpaka likizo.

Kwa kuwa mwenzako ni mlezi wa chama cha midahalo, mkumbushe jinsi mashindano ya dunia ya midahalo ya shule za sekondari, yaliyoanza mwaka 1988, yanavyotoa alama. Kila msemaji ana alama 100: 40 za maudhui, 40 za mtindo wa kuzungumza, 20 za mkakati. Sauti, mikono, macho, mzaha na mbwembwe zote kwa jumla haziwezi kuvuka hizo 40. Na hao ni vijana waliofunzwa, wanaozungumza dakika nane kila mmoja. Sasa kwa mtoto wa Gredi ya 8 mwenye dakika tatu, mbwembwe zinapataje 10 kwa 10 peke yake? Sisemi mchukue mfumo huo mzima muulete darasani. Ule ni wa kutafuta mshindi, na wewe hutafuti mshindi.

Ningekuwa wewe, ningeigawa "kuzungumza" katika mambo manne. Hoja ina sababu na mfano? Anajibu alichokisikia? Anasikika mpaka dawati la nyuma huku akiwatazama watu? Lugha yake inaeleweka na inashika adabu ya mdahalo? Basi. Mkiweka kumi na mawili hamtayafuata, mtaishia kujaza kwa kukisia baada ya kipindi. Na badala ya nambari andikeni matendo, kwa vile viwango vinne mnavyovitumia kila siku. Chukua hilo la kujibu, ambalo ndilo moyo wa mdahalo na ndilo linalosahaulika. Aliye mbali na matarajio anasoma alichokiandika nyumbani kana kwamba hakuna aliyezungumza kabla yake. Anayekaribia anasema "si kweli, mheshimiwa" na kuendelea na yake. Aliyefikia anaitaja hoja ya mpinzani na kutoa sababu ya kuikataa. Aliyezidi anaieleza hoja ya mpinzani kwa haki, mpaka mpinzani mwenyewe aitikie kwa kichwa, halafu anaonyesha pale inapopwaya. Ukiwa na maelezo hayo mkononi, wewe na mwenzako hamtapishana kutoka 6 hadi 10. Mkipishana, mtapishana kiwango kimoja, na hapo mtaulizana "wewe ulisikia nini?", ambalo ni swali lenye jibu. Kila mmoja aandike yake kwanza kimya, ndipo mlinganishe. Mkianza kwa kuzungumza, mwenye sauti kubwa kati yenu ndiye atakayetoa alama zote.

Wasomee wanafunzi maelezo hayo siku mbili tatu kabla. Si siri ya mtihani.

Kuhusu mvulana mwenye kigugumizi, rudisheni alama zake leo. Kigugumizi si kasoro ya hoja wala si uvivu wa kujiandaa, na kumkata mtoto alama kwa hilo ni kumkata kwa jinsi alivyoumbwa. Mdahalo ujao, mwite pembeni kabla ya siku yenyewe, umwulize yeye angependa mambo yaendeje: azungumze wa kwanza ili asikae akisubiri kwa wasiwasi, aongezewe dakika, au aanze kwa kuuliza swali kutoka kwenye dawati lake. Watoto hawa wanajua kinachowasaidia kuliko sisi. Mtunza muda asimpigie kengele akiwa amekwama kwenye neno, na wewe mwenyewe usimmalizie sentensi. Wema wa namna hiyo unaumiza.

Huyu wa Kigiriama nitamtetea kwa kipimo. Somo ni Kiswahili, na lugha lazima iwe na uzito wake. Lakini uzito huo ukae kwenye safu ya lugha peke yake, usimwagike mpaka kwenye hoja. "Atu" kila mtu darasani aliielewa, na kwa hakika nusu ya darasa husema hivyo hivyo wakifika nyumbani. Andika pembeni, mrekebishe baadaye mkiwa wawili, na kwenye kiwango hesabu yale tu yaliyowafanya wasikilizaji wapotee. Bila hivyo, mtoto wa Lamu au wa Mji wa Kale Mombasa akihamia darasani kwako atakuwa ameshinda kila mdahalo kabla hajafungua mdomo, na hapo mtakuwa mnapima alikozaliwa.

Sasa ushirikiano. Huu hauonekani vizuri pale mbele. Anayesimama mbele yuko peke yake. Unaonekana wakati wa maandalizi, unaonekana mezani wakati mwenzao anazungumza, na unaonekana pale msemaji wa pili anaposema "kama alivyotangulia kueleza mwenzangu" kisha akaongeza kitu kipya badala ya kurudia. Kwa hiyo alama moja ya timu nzima siiungi mkono hata kidogo. Inamtuza mchora magari kwa jasho la katibu, na watoto wana macho, wanajua. Mdahalo wa pili katibu mwenyewe ataacha kuandika.

Unasema huna ushahidi ila kumbukumbu. Mbona umeniandikia kwamba alikuwa akichora gari? Huo ni ushahidi, ulikosa kuuandika tu. Siku ya maandalizi beba orodha ya majina, keti na kila kundi dakika tano, na mbele ya kila jina andika kitenzi: ameuliza, ameandika, amekatiza, amemtetea mwenzake, amelala. Kitenzi kimoja au viwili vinatosha. Na kabla hujamhukumu huyo wa gari, uliza kama kuna aliyempa kazi. Mara nyingi kwenye makundi yetu watoto wawili hushika kalamu na uongozi, wengine wakaachiwa kazi ya kuitikia. Toa majukumu kwa majina tangu mwanzo, na yazunguke: aliyekuwa katibu awe msemaji, msemaji awe mtunza muda.

Baada ya mdahalo, kila mmoja wa wale wanane aandike peke yake mistari mitatu: hoja moja niliyoileta, hoja ya mwenzangu niliyoitumia au kuiboresha, jambo moja lililotushinda kama timu. Kisha ziweke karatasi za kundi moja pamoja. Ukikuta watatu wametaja hoja ya msichana yuleyule, umepata jibu lako bila kumwuliza mtu. Lakini usiwaambie wapeane alama kwa nambari. Mtaala unataka wanafunzi watathminiane, nami naafiki, ila mtoto wa miaka 13 ukimpa nambari atalipizia kisasi cha mpira wa jana. Mwulize mwenzake alifanya nini, nambari akuachie wewe.

Hesabu ya kipindi inakubali, nimeijaribisha: wasemaji sita kwa dakika tatu ni 18, maswali kutoka kwa darasa 10, mwenyekiti kufungua na kufunga 5, zinabaki 7 za kuandika mistari mitatu. Na usijaribu kuwatathmini wote 54 kwa siku moja. Watazame wale wanane pamoja na mwenyekiti na mtunza muda, kumi basi, na kwa midahalo sita utakuwa umewapitia wote muhula ukiwa bado unapumua. Mwenyekiti usimpuuze. Anayewanyamazisha wenzake kwa heshima na kugawa nafasi kwa haki anafanya kazi ngumu kuliko msemaji. Waliobaki nao wasiwe watazamaji wa bure. Wape karatasi waandike swali moja moja, mwenyekiti achague.

Kurekodi kwa simu kunasaidia sana pale majaji wawili wanapobishana, lakini kwanza mwalimu mkuu akubali na wazazi watoe idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimwachi mtu kukusanya sauti na picha za watoto kienyeji, na video ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp la walimu hujui itaishia wapi. Ukimaliza kuitumia, ifute.

Ile sifuri ya katibu ifutwe. Sifuri ina maana amesimama akashindwa. Huyu hajasimama. Acha nafasi wazi, uandike "bado hajasikilizwa", kisha umpe zamu. Na usimtupe mbele ghafla eti kwa kuwa umegundua ana akili. Anayenong'ona huanza kwa kuuliza swali akiwa amekaa, kisha kuuliza akiwa amesimama, kisha kuwa msemaji wa pili, ambaye kazi yake kubwa ni kujibu, na kujibu anakujua tayari. Mwambie wazi alichokifanya siku ile na kwa nini umempa kiwango cha juu cha ushirikiano. Mwambie pia alama ya kuzungumza ya kijana ni ya kijana. Ataelewa, mradi aone yake imeandikwa.

Kwa mwalimu mkuu, kuwa mkweli. Kazi za tathmini zinazotoka KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, huja na maelekezo yake na mwongozo wake wa kutoa alama, nazo ndizo zinazojenga ile asilimia 20. Mdahalo wako wa minazi na mikorosho ulikuwa wa kujifunza, na ulitiwa alama na watu wawili waliokuwa wakitazama vitu tofauti. Usiupandishe. Mpelekee badala yake karatasi ya viwango vilivyoandikwa kwa maneno, mtoto kwa mtoto, na umweleze kwamba mawasiliano na ushirikiano ni umilisi wa kwanza kutajwa kati ya saba za mfumo wa mtaala wa 2017, kwa hiyo maelezo hayo yana mahali pake kwenye ripoti ya mzazi. Mzazi akisoma "anasikiliza hoja ya mwingine na kuijibu kwa sababu" anajua mwanawe anaweza nini. Akisoma 14 kwa 20 atauliza tu nani aliyepata 15. Mwalimu mkuu akishikilia anataka nambari, fanyeni mdahalo mwingine kwa vigezo vipya, umpe za huo.

Mwisho, mwenzako kama mlezi wa chama atataka mshindi, na watoto pia watataka, huwezi kuwanyima. Mshindi apatikane kwa kura. Mwenyekiti asome hoja, darasa liinue mikono kabla ya mdahalo na liinue tena baada yake, na upande uliowavuta wengi zaidi kutoka walipokuwa ndio ulioshinda. Kwa utaratibu huo mkorosho unaweza kushinda hata kama darasa zima ni la minazi. Wapigiwe makofi, wapige vigelegele, naibu wa mwalimu mkuu aje mlangoni tena akipenda, na daftari lako la alama wakati huo liwe limefungwa.